Chombo Chenye Nundu

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzijuzi tu, mjini Tukuyu ambako mvua huaga na kurudi kabla hujafunga mlango, walikuwako ndugu watatu: Ambakisye, kaka mkubwa, Tusekile, wa katikati, na Lusajo, binti kitinda mimba.

Maktaba mpya ilikuwa karibu kufunguliwa. Mkutubi, Bibi Subilaga, akawaambia watoto wa mji, "Nileteeni chombo cha angani cha kuchezea ambacho hakuna duka linalokiuza. Nitakitundika darini, na ubavuni nitaandika jina la nahodha. Jina moja tu, wajukuu zangu."

Maneno hayo yalimwingia Tusekile moyoni. Shati lake la shule lilikuwa la kaka. Hata madaftari yake yalikuwa masalio ya kaka, jina la kaka limekatwa kwa wino, lake limebanwa pembeni.

Ambakisye alikuwa na chombo cha plastiki cha kuunganisha vipande, sawa na maelfu ya vingine. "Tukikiacha hivi ni cha dukani," alisema. "Tukikate, tukipe umbo letu." Akashika msumeno mwembamba, wote wakabana pumzi. Lakini alisahau kwamba meno ya msumeno nayo hula. Akakata, mkato ukapinda. Akakata kusahihisha, ukapinda. Akakata tena, na tumbo lote likaishia kuwa unga.

"Kaka, umekichinja!" Lusajo alisema. "Kichwa huku, mkia kule, bado supu tu!"

Ambakisye hakucheka. Lusajo akaenda uvunguni mwa kitanda, akarudi na chombo chake mwenyewe, kikubwa zaidi, miaka miwili ndani ya boksi, hakijaguswa na vumbi. Akakibusu.

"Toa tumbo humu," akasema. "Sina kingine."

Safari hii Ambakisye alikata barabara. Tatizo likawa jingine: tumbo lilikuwa pana kuliko kichwa, pana kuliko mkia. Walipoviunganisha, nyufa zake zilipitisha kidole.

Ndipo Tusekile alipochukua pati, ule udongo laini wa kuzibia mashimo. Mara ya kwanza akaibandika nene, ikapasuka. Akaibandua yote, akaanza upya, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kuikausha karibu na moto hakukufaa, plastiki ingeyeyuka. Na jua la Tukuyu ni mgeni. Basi akapaka, akangoja, akasugua kwa msasa. Akapaka, akangoja, akasugua.

"Dada, unatengeneza chombo au unasukuma chapati?" Ambakisye alimtania.

"Nyamaza, mchinjaji."

Akapaka, akangoja, akasugua. Siku kumi na tisa.

Siku ya ishirini alipitisha kidole kutoka kichwani hadi mkiani, na kidole hakikukuta kiungo. Pale palipokuwa na ufa paliinuka nundu, ikapanda taratibu na kushuka taratibu, kama Mlima Rungwe asubuhi ukungu unapojiondoa. Hakuna aliyeichora. Tusekile akaogopa kupumua, kana kwamba chombo kingemsikia, kiruke.

Kilipotundikwa maktabani, watu waliingia wakizungumza, wakasimama wakiinua shingo. Bibi Subilaga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

"Nahodha nani?"

"Mimi," alisema Ambakisye. "Nisingethubutu kukata, kingekuwa cha dukani. Na nisingekosea, nundu ingetoka wapi?"

"Mimi," alisema Lusajo. "Ninyi mmetoa mikono, na mikono mnayo bado. Mimi nilichotoa hakirudi."

Tusekile alitazama juu, kwenye kile kitu alichokisugua hadi ncha za vidole vyake zikawa laini. "Mimi," akasema polepole. "Kilikuwa vipande vya maiti mbili. Ni nani aliyevifanya viwe chombo kimoja?"

Brashi iko hewani, wanangu, na rangi inakaribia kudondoka. Semeni upesi: aliyethubutu, aliyetoa, au aliyengoja? Je, nani alistahili?