Mafuta Chini ya Jani

Mchelea kiu huziba pumzi. Mmeisikia kitaluni leo na mnataka kujua ilianzaje. Ilianza na mjinga mmoja, na msimtafute mbali: ni mimi Gaudensi ninayewasimulia, enzi hizo nikiwa na meno yote na akili nusu.

Mwaka ule kiangazi kiliibana Mbinga. Chemchemi ya kitalu chetu cha kahawa ilibaki kutoa ndoo chache kwa siku, na mwenyekiti wa kikundi nilikuwa mimi. Nikaenda semina. Mtaalamu akatueleza kwamba chini ya jani la kahawa kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji ya mche hutokea humo yakawa mvuke. Alipofika hapo nikasikia harufu ya pilau, nikatoka kuwahi foleni. Nusu ya pili ya somo ilinikuta natafuna.

Nikarudi na dawa yangu. Niliamuru kila mwanakikundi apake mafuta ya mgando chini ya kila jani, vitundu vizibike, maji yasitoke. Watu wakapaka. Mwenye cheti cha semina hapingwi.

Aliyegoma ni Eufrasia, mjane wa kaka yangu. Miche yake mia mbili ndiyo ilikuwa roho yake, maana ukoo wetu ulikwisha kutamka: shamba la marehemu lisipopandwa kahawa mvua zitakapoanza, linarudi mikononi mwetu. Nilimweleza habari ya vitundu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Akageuza jani, akalitazama.

"Shemeji, maji yanatokea hapa. Kinachoingilia hapa ni nini?"

Nikamwambia hakuna kinachoingia.

"Mimi sijaona nyumba yenye mlango wa kutokea tu. Miche yangu huipaki."

Nikatangaza kuwa asiyepaka hapati maji ya kikundi. Nilidhani atalia. Akabeba viriba vyake, vile vifuko vya udongo vyenye miche, kwa karai, safari baada ya safari, mbele ya macho yetu, akavipanga uani kwake chini ya kivuli cha mabua. Akawa anavinyweshea maji aliyooshea mboga.

Mchana miche yake ililegea kama walevi, asubuhi ikasimama. Yetu iling'aa wiki nzima, nami nikawa napita kwake makusudi, napiga mluzi. Wiki ya tatu majani yetu yakageuka njano, yakapukutika. Mtaalamu alipokuja ndipo akanimalizia somo: kwa vitundu hivyohivyo jani huingiza hewa ya kutengenezea chakula chake, na kiu ikizidi huvifunga lenyewe bila kuamriwa na mwenyekiti.

Mvua ikanyesha. Wazee wa ukoo wakanichukua twende tukalitwae shamba. Tukamkuta Eufrasia kainama, mashimo karibu yote yana miche. Wazee wakatazamana, wakageuza njia. Ningegeuka nao ningepona, lakini ulimi wangu ulikuwa bado haujasoma. Nikasema kwa sauti kwamba angalau miche yetu, hadi inakufa, haikupoteza tone la maji.

Hakunyoosha hata mgongo.

"Kweli, shemeji. Hata kaka yako tangu tumzike hajatoa jasho. Mchelea kiu huziba pumzi."