Heroe Aliyepauka Bustanini kwa Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama nao walikuwa na majumba na wakwe wa kuwakirimu, Bwana Simba alikizungushia kidimbwi chake ua wenye wavu juu, akamfungia humo Heroe ili wageni wamtazame. Na alikuwa wa kutazamwa! Miguu mirefu kama mianzi, shingo ya mpindo, manyoya ya waridi tangu kichwani hadi mkiani.

Siku moja Simba akaja na Fisi, bawabu wake.

"Masika yakiisha namwoza binti yangu," akanguruma. "Huyu atanyonyolewa, manyoya yawe taji la bibi harusi. Nyama iingie kwenye pilau."

Heroe akatetemeka majini, chwa! chwa! Walipoondoka, Kitwitwi, kijindege cha ufukweni, akapenya uani.

"Dada, rangi hiyo unaitoa wapi?"

"Kwenye uduvi ninaoletewa."

"Basi usiuguse tena. Kula pumba tu."

"Nitakonda!"

"Konda, uishi."

Masika yote Heroe akala pumba. Unyoya mmoja mmoja ukapauka, mpaka akawa mweupe kama bafta.

Asubuhi ya harusi Simba akafika na kisu.

"Rangi yangu iko wapi? Fisi, umembadilisha!"

"Wallahi, bwana, ni yuleyule!"

"Basi mchinje hivyo hivyo. Pilau haijali rangi."

Heroe akafumba macho. Fisi akamkamata shingo.

Kumbe Kitwitwi alikuwa amejigaragaza kwenye unga jikoni kwa mke wa Fisi. Akapita juu ya Simba, fyuu! Unga ukamwagika.

"Mwachie!" akapiga kelele. "Ana ugonjwa wa weupe! Bwana, umeshakupata! Jitazame majini!"

Simba akachungulia. Lo! Manyoya ya shingoni meupe pe!

"Ole wangu! Wakwe wako njiani! Fisi, fungua mlango, mtoe!"

Mlango ukalia kwiii. Heroe akatoka, moyo du! du! du!

"Taratibu, dada," Kitwitwi akanong'ona. "Usikimbie."

Hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Simba akalamba sharubu zake. Akalamba tena.

"Huu... huu si unga wa muhogo?"

"Sasa kimbia!"

Heroe akatimka, pa-pa-pa-pa! Simba akaruka, kucha zikakwangua hewa. Heroe alikuwa juu tayari, miguu ikining'inia nyuma, Kitwitwi ubavuni mwake.

Wanangu, anayekupenda kwa manyoya yako, hakupendi wewe.