Upande Usiouma

Kaeni, wapendwa. Kwaya, asanteni, kaeni na ninyi. Najua leo mmesimama nje juani kwa sababu ya mlango, na wengine bado mmenuna. Tutafika huko. Kwanza nawaletea bwana mmoja aliyegombana na mgongo wake.

Bwana huyu alikuwa mpakia mchanga. Mnawaona pale mtoni, lori likiegeshwa wanalijaza kwa beleshi mpaka lifurike. Sasa watazameni wanavyorusha. Mtu akizoea upande mmoja, harushi kwa upande mwingine hata umbembeleze. Huyu wetu alirusha hivyohivyo tangu ujana wake, na kiuno upande wa kulia kikaanza kumuuma. Akapuuza. Kikazidi. Ikafika mahali akiinama kufunga viatu, hainuki mpaka ashike ukuta. Na mpakia mchanga asiyeweza kuinama, watoto wake watakula nini?

Basi akauchukia ule upande, akawa anausema kama jirani mkorofi. Mkewe akimchua kwa mafuta, yeye anaguna: "Bonyeza hapohapo, mama watoto. Huyo ndiye adui yangu. Kushoto kuko vizuri, kumetulia, hakujawahi kunisumbua."

Mmesikia? Kushoto hakujawahi kumsumbua. Shikeni hapo.

Mkewe akachoka kuchua. Akampeleka mjini kwa tabibu wa mgongo, mama mmoja katika wale wanaotibu kwa mikono yao, bila kisu. Bwana hata hajaketi vizuri, ameshaanza: "Daktari, sina maneno mengi. Nichome sindano ya ganzi hapa kulia. Ulaze huu msuli, nisiusikie tena."

Tabibu akamlaza kifudifudi. Akapitisha vidole kandokando ya uti wa mgongo, taratibu, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Kulia msuli ulikuwa mgumu kama ubao. Kushoto vidole vikazama kama kwenye unga wa maandazi. Akamnyoosha viungo vilivyokakamaa, bwana akapiga kelele zake, kisha tabibu akamwambia:

"Baba, nikiulaza huu hutasimama. Huu ndio unaokushikilia."

"Mbona ndio unaouma?"

"Unauma kwa sababu unafanya kazi ya wawili. Wa kushoto umelala siku nyingi. Sasa aliyelala ataumwa na nini?"

Wapendwa, hebu fikirini. Ule upande aliokuwa akiutukana miaka yote, ndio uliokuwa umemsimamisha! Ungekuwa wewe ungejisikiaje? Mimi ningeuomba radhi palepale kitandani.

Tabibu akampa mazoezi. Piga magoti, weka mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, utulie hapo. Kila siku. Na beleshi nalo lianze kurushwa kwa pande zote mbili. Nyumbani mkewe alicheka mpaka akakaa chini, maana mwanamume mzima mwenye ndevu anatambaa sebuleni. Lakini bwana alishaamua. Akaanguka mkekani, akainuka, akarudia.

Hazikupita siku nyingi akarudi kwa tabibu amefura. "Umeniharibu! Sasa na kushoto kunauma!"

Tabibu akapiga makofi. "Afadhali! Kumeamka. Usiache, baba, endelea."

Akaendelea. Kwa kununa, lakini akaendelea. Na kidogo kidogo kulia kukaanza kulegea, mpaka akarudi mtoni kwenye kazi yake.

Haya, sasa sisi.

Baada ya ibada tuna kikao cha usharika, na hakuna hapa asiyejua ajenda. Tunataka kumwondoa Mama Twilumba kwenye uongozi wa akina mama kwa sababu analalamika. Ni kweli, analalamika. Hata mimi simu yake ikiita navuta pumzi kwanza ndipo nipokee. Lakini niambieni, sakafu hii nani huideki? Yule mjane wa kule bondeni, alipolazwa, nani alikwenda kumwogesha? Msiba ukitokea kwako, masufuria yanatoka kwa nani? Na sisi wengine tumekaa hapa wapole, watulivu, hatumsumbui mtu, na tunajisifu kwamba tuna amani. Ndugu yangu, una amani, au umelala?

Mlango mmeukuta umefungwa leo kwa sababu mwenye kuufungua hayupo. Asubuhi alinikuta njiani nakuja, akanipa ufunguo, huu hapa. Habari za kikao amezisikia. Hakunung'unika, hakulaumu mtu, aliniwekea ufunguo mkononi akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakulalamika hata neno moja, na jamani, niliogopa. Ganzi tuliyoitaka tumeipata. Na mmeona wenyewe: asubuhi moja tu, kanisa zima limesimama nje.

Kwa hiyo kikao cha namna ile mimi sikiendeshi. Mkitaka kunishtaki kwa askofu, nishtakini. Tukitoka hapa tunakwenda wote nyumbani kwake, wazee wa kanisa mbele, tumwombe radhi. Na hakuna kwenda mikono mitupu kwa maneno matamu. Kabla hujavuka kizingiti chake uwe umeshachagua kazi utakayomtua: ndoo, masufuria, wagonjwa, au ufunguo huu. Umwambie uso kwa uso, "Mama, hii kuanzia leo ni yangu."

Najua itatuuma. Hatujazoea. Wiki hii kuna mtu atadeki hapa, akifika nyumbani kiuno kinamuuma, moyo nao unalalamika kwamba wenzake wako wapi. Ukiwa ni wewe, usije kwangu kusema umeharibika. Piga magoti umshukuru Mungu. Umeamka.