Mama Yangzom na Mlima wa Wafalme Wawili

Paukwa!

— Pakawa!

Niwape kifupi au kirefu?

— Tupe kirefu!

Kirefu ni mlima, na mlima wenyewe uko Himalaya, mbali, kule ambako theluji haijui kuyeyuka.

Hapo kale mlima huo ulitenganisha falme mbili. Wafalme wakagombana, wakatoa amri: mpaka uko kileleni, na asiuvuke mtu. Askari wakaziba njia ya bondeni.

Sasa palikuwa na mama mmoja mchunga mbuzi, Yangzom. Binti yake, Pema, ameolewa upande wa pili, na mimba yake ya kwanza imetimia. Yangzom akaenda kwa askari. Wakamrudisha. Akaenda tena. Wakamrudisha. Mara ya tatu akamwambia mkubwa wao, jemadari Rabten:

"Mwanangu, mpaka uko wapi?"

"Kileleni, mama."

"Basi hapa bado ni kwetu. Niache nipande mpaka mpakani."

Rabten akacheka. "Panda. Lakini nakuja nawe, nihakikishe huvuki."

Wakapanda. Siku ya kwanza, mawe. Siku ya pili, theluji magotini. Siku ya tatu, barafu tupu, na pumzi, jamani, pumzi unaivuta haiji! Rabten akaanguka. Mama akamshika mkono, wakapanda.

Wakafika.

Nisikilizeni hapa. Mawingu yalikuwa chini yao. Chini! Milima mingine yote imeinama kama watu wanaosali. Upepo ukachota theluji upande huu, ukaimwaga upande ule, bila kumwuliza mtu. Rabten akavua kofia. Machozi yakamtoka, yakaganda mashavuni.

Yangzom akanong'ona, "Afande, nionyeshe mpaka, nisije nikaukanyaga."

Rabten akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama miguuni pake. Weupe tu.

"Mama," akasema, "siuoni."

"Basi kwaheri, mwanangu."

Akateremka upande wa pili. Alimkuta Pema ameshikwa na uchungu, akamkanda mgongo usiku kucha, hata mtoto akalia.

Na Rabten? Mfalme akamwuliza, "Yule mwanamke alivuka?"

"Bwana wangu, panda ukatazame mwenyewe."

Mfalme akamvua cheo siku ileile. Rabten hakulalamika. Akajenga kibanda chini ya mlima, na kila kukicha alitoka nje na kikombe chake, akasimama kuutazama, chai ikapoa mkononi.

Wao wamekwisha, mlima upo, nami sauti imenikauka. Mwenye yake na aitoe!