Buabua na Mlango wa Bahari ya Barafu

"Masikio yapo?"
"Yapo."
"Niyapeleke kaskazini?"
"Yapeleke, ila uyarudishe."

Hapo kale kaskazini kulikuwa na bahari yenye baridi ya kugonganisha meno. Umbo lake kama chungu: nchi kavu huku, nchi kavu kule, na mlango mmoja mwembamba wa kutokea bahari kuu. Nyangumi apite hapo. Sili apite hapo. Samaki apite hapo. Dubu Mweupe alipoligundua hilo akaketi mlangoni, puu, akatangaza kwamba kila apitaye amwachie nusu ya alichonacho.

Buabua, ndege mdogo wa baharini, alikuwa na kiota kwenye mwamba wa hapo hapo. Hakupita popote, alikuwa jirani tu. Alitozwa vilevile. Akileta samaki wawili, mmoja wa Dubu. Alikuwa na makinda watatu. Siku moja alichelewa kutoa, wakabaki wawili.

Hakulia mbele yake. Kesho yake alimpelekea samaki, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, bawabu."

"Bawabu nani?"

"Si wewe, mzee? Akaaye mlangoni ni bawabu. Mwenye nyumba hukaa katikati."

Dubu akaacha kutafuna. Akauliza katikati ni wapi. Buabua akamwonyesha bamba kubwa la barafu, akamweleza kwamba mwenye kukaa pale huchukua vyote, si nusu. Hakumweleza kwamba kiangazi kimeingia, na kwamba kiangazi maji ya bahari ile hutoka nje kwa kasi.

Dubu akaogelea, chubwi, chubwi. Akapanda, puu. Akalala kama mwenye nyumba.

Siku ya kwanza barafu ikalia kwa! Siku ya pili, kwa! kwa! Siku ya tatu ikakatika, ikaanza kwenda, polepole, kisha si polepole. Dubu akauliza kwa nini mwamba unakimbia.

"Mwamba upo, mzee," Buabua akamjibu. "Unayehama ni wewe."

Dubu alijua kuogelea, lakini mkondo ule haukujali anayejua. Ukampitisha mlangoni, ukamtia bahari kuu, akawa doa, akawa si kitu.

Sili na nyangumi walipokuja kumshukuru Buabua, walimkuta ameketi alipokaa Dubu, makinda wake wawili ubavuni. Akawaambia kwa upole kwamba nusu ilikuwa dhuluma. Yeye atapokea samaki mmoja tu kwa kila msafara.

Funzo la ngano hii ni kwamba mlango wa bahari ni wa wote. Hata Buabua husema hivyo, kila anapopokea samaki wake.

Ngano imetia nanga. Atakayeing'oa, aeleze yake.