Mnara Ulioshikizwa

Ndugu zangu, leo sitawachekesha. Najua wapo wanaokuja Jumapili kwa ajili ya vichekesho vyangu, nao nawapenda, lakini leo wavumilie. Nina mfano mmoja tu, na tangu niutunge haujaniacha nikae vizuri.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Jina simpi, maana nikimpa mtageuza shingo kutazama viti vya nyuma, na huko hayupo. Siku za kazi alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya tajiri mmoja, anatengeneza mageti na madirisha. Jumapili alikuwa na kijimashine chake nyumbani, anapiga kazi za pembeni. Kama alizipiga baada ya ibada au badala ya ibada, hilo mtamuuliza mwenyewe.

Fundi huyu alikuwa na rafiki. Sisemi rafiki wa kusalimiana njiani. Nasema rafiki wa kuvaliana mashati. Fundi alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na mama wa huyo rafiki ndiye aliyemlea nusu ya utoto wake. Alimpakulia ugali sahani moja na mwanawe, alimchapa alipokosea, na homa ilipompanda alimkeshea. Fundi alimwita mama, na hakumwita hivyo kwa adabu tu.

Sasa yule mama amezeeka. Mgongo umekataa. Lakini maji ya bomba mtaani kwao yanakuja yanapotaka, kwa hiyo bado anakwenda kisimani na ndoo kichwani. Unamkataza, anakuitikia vizuri kabisa, ukienda kazini anachukua ndoo. Mnawajua kina mama wa namna hiyo, mmewaacha nyumbani asubuhi hii.

Mwanawe akasema basi, imetosha. Akanunua tangi la lita elfu moja. Akanunua vyuma vya kujengea mnara wa kulipandisha. Akafunga mifereji kwenye bati ili mvua ikinyesha, maji yaingie tangini, na mama afungue bomba hapo hapo uani. Kilichobaki ni fundi. Na fundi si yupo?

Akamwendea. "Kaka, vyuma viko uani tayari. Niambie basi, ufundi bei gani?"

Fundi akacheka. Kile kicheko mnakijua, cha mtu ambaye ameulizwa jambo la maana na hataki kulijibu. "Wewe tena! Mimi nikutajie bei wewe? Kwani mama yule ni wako peke yako?"

"Najua, lakini taja tu, nijipange."

"Acha hizo bwana. Sisi ni ndugu. Tutaelewana."

Ndugu zangu, nani humu ndani hajawahi kulisema neno hilo? Tutaelewana. Linapendeza mdomoni. Ukilisema unaonekana mtu wa watu, huna tamaa, umelelewa. Lakini hebu tuingie moyoni mwa fundi tuone alichokuwa anakisema huko. Alikuwa anasema hivi: nikimtajia bei ninayowatajia wengine, ataniona mnyang'anyi. Nikimpunguzia, wanangu watakula nini? Bora nisitaje. Yeye ni mtu mzima, anajua kazi ina gharama, atajiongeza.

Na rafiki je? Rafiki alikuwa ameshauliza kwa mafundi wengine, bei anaijua, na hela ameitenga. Lakini ameuliza mara mbili na mara mbili amekatazwa. Akajiambia: nikiuliza mara ya tatu nitakuwa namtukana. Mwenyewe atasema akiwa tayari.

Basi mmoja anangoja aulizwe tena, mwingine anangoja aambiwe. Wote wawili watu wema. Sikilizeni vizuri hapo, maana mtatafuta mwovu katika mfano huu na hamtampata.

Jumapili fundi akaenda na mashine yake. Sasa niwaeleze kidogo kazi ya chuma, msije mkapotea. Fundi akisimamisha kitu kikubwa, kwanza anakishikiza. Anagusa kila kiungo nukta moja au mbili za moto, ili vyuma vikae mahali pake. Akiona kimenyooka, ndipo anarudi kiungo kwa kiungo, anazungusha moto pande zote mpaka chuma na chuma vinakuwa kitu kimoja. Kitu kilichoshikizwa ukikitazama unasema kimekwisha. Ukikitikisa kwa mkono hakitikisiki. Lakini hakijakwisha, na anayejua hivyo ni fundi peke yake.

Fundi akaushikiza mnara wote. Ukasimama, umenyooka, unapendeza. Alipotaka kurudi kumalizia, akakuta vile vijiti vya kuchomelea vimemwishia. Alivinunua kwa hela yake. Ili amalizie, inabidi pakiti nyingine. Alikuwa na maneno manne tu ya kusema: "Kaka, nipe ya vijiti." Maneno manne! Lakini angeyasemaje, wakati amesema wao ni ndugu? Akakunja waya zake, akanywa chai ya mama, akaaga. "Nitapita siku za karibuni," akasema.

Alijiambia kwamba rafiki akiuona mnara umesimama, ataona haya, atamfuata na hela. Hapo ndipo atakaponunua vijiti na kumaliza kazi.

Rafiki akauona mnara umesimama, akafurahi. Akasema, jamaa amechoka kwa ajili yetu, kupaka rangi nisimwachie, nitapaka mwenyewe. Akanunua rangi ya buluu, akapaka kila mahali, na zile nukta za moto zikafunikwa. Akawaita vijana wa jirani, wakapandisha tangi likiwa tupu. Mnara ukalibeba.

Fundi akapita njiani akaona buluu ile kwa mbali. Roho ikamchoma. "Yaani ameshapaka rangi! Amehesabu kazi imekwisha, na hata asante hakuna." Hakuingia. Akapitiliza kwake.

Na kule kwa rafiki, siku zinapita, fundi haonekani kuja kudai. Unajua mtu mwema anafikiri nini hapo? Anafikiri: kumbe ametupa zawadi. Akamwambia mama, "Mama, jamaa ametufanyia bure." Mama akatokwa na machozi. Akamkamata jogoo wake mkubwa, akamfunga miguu, akamtuma mtu ampeleke kwa fundi. "Mwambie mwanangu Mungu aibariki mikono yake."

Fundi akampokea jogoo. Akamwangalia. "Mnara mzima," akamwambia mkewe, "kwa kuku mmoja!"

Akamla. Akamla kwa hasira, kila pande. Na kuanzia siku hiyo hakutaka hata kulisikia jina la rafiki yake. Kuhusu mnara, akajipa moyo: tangi ni tupu, mvua hakuna, siku wakitaka kulijaza wataniita.

Ndugu zangu, mvua humwita nani?

Siku moja mchana, fundi yuko karakanani, akasikia tone la kwanza juu ya bati. Halafu la pili. Halafu bati lote likapiga kelele mpaka watu wakaacha kusikilizana. Wenzake wakashangilia, maana joto lilikuwa limezidi. Yeye akasimama na grenda mkononi. Aliijua ile mifereji. Alilijua lile tangi. Lita elfu moja, tani nzima, juu ya nukta za moto.

Akatoa simu. Akalitafuta jina la rafiki, akalipata. Kidole kikawa juu yake. Sasa aseme nini? Akisema mnara haujakwisha, ataulizwa, mbona hukumaliza? Na akiulizwa hivyo, itabidi aseme habari ya hela. Na akisema habari ya hela, ataonekana amekasirikia hela, yeye aliyesema mama yule si wa mtu mmoja. Aibu gani hiyo! Akajiambia kwamba vyuma vile ni vizito, vitastahimili. Akajiambia kwamba kesho atapita mwenyewe, ataongea kwa utaratibu.

Akarudisha simu mfukoni.

Mvua ikanyesha mpaka jioni. Asubuhi kukapambazuka kweupe. Mama akatoka uani na ndoo. Ndani maji ya kupikia yalikuwepo, hakuwa na shida nayo. Alitaka tu kufungua bomba lake, asikie maji yanatoka, baada ya miaka yote ile ya kisimani. Akainama chini ya mnara, akafungua.

Wazee wetu walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tunaitumia methali hiyo kumtania mtu aliyenyamaza halafu akaoa. Mtaa ule waliusikia mshindo wenyewe.

Sitawaeleza alivyokutwa. Sina kifua hicho.

Fundi alikuja msibani. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, alishika jeneza, alilia kuliko wana wa damu, na watu wakasema, tazama mtu anavyojua fadhila. Kwa rafiki yake hakusema neno. Hata pale, ndugu zangu! Hata pale alinyamaza.

Matanga yakaisha. Siku fundi aliporudi kazini, rafiki akaja karakanani. Hakusalimu. Mkononi alikuwa na kipande cha chuma cha buluu, akakiweka juu ya meza ya kazi. Kwenye ncha yake palikuwa na nukta moja ya moto, kubwa kama punje ya mahindi, imekatika.

"Hii ilikuwa imekwisha?"

"Haikuwa imekwisha."

"Mbona hukuniambia?"

Fundi akatazama chini. "Nilikuwa nangoja tuongee habari ya hela."

"Hela ilikuwepo," rafiki akasema. "Ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ungeitaja tu."

Halafu rafiki akasema, "Nataka msalaba wa chuma, wa kuweka kwa mama. Bei gani?"

Fundi akapiga magoti pale kwenye vumbi la chuma. "Ndugu yangu, huo nitautengeneza. Usiniulize bei, nakuomba. Siwezi kuchukua hela kwa..."

"Taja bei."

"Kaka..."

"Bei, fundi."

Akamwita fundi. Maisha yao yote alikuwa hajawahi kumwita kwa kazi yake. Naye fundi, huku analia, akataja bei, ile anayowatajia watu wote. Rafiki akatoa hela, akaiweka mezani kando ya kile kipande cha chuma, akaondoka. Siku hiyo ndipo walipoelewana. Hawakuongea tena mpaka kufa.

Fundi aliuchomelea msalaba ule. Aliuzungushia moto kiungo chote, pande zote, akarudia, akarudia tena, mpaka mashine ikamwungulia. Msalaba wa vyuma viwili, ambao haubebi mzigo wowote juu ya ardhi hii, ungeweza kuning'iniza lori.

Sasa tuje kwetu sisi.

Mtaniambia, Mchungaji, mfano huu unatufundisha tuandikishane bei. Sawa, fanyeni hivyo, ni jambo jema. Lakini mimi nimelala na mfano huu na nimeamka nao, na bei si kitu kinachonitisha. Kinachonitisha ni kwamba yule fundi alikuwa na upendo wa kweli. Rafiki pia. Mama ndiyo usiseme. Upendo ulikuwepo umejaa, na haukumwokoa mtu hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja aliutumia upendo kama kisingizio cha kutosema kweli.

Na ndivyo tulivyo. Tumeishi nyumba moja na wake zetu tumeshikizwa tu, nukta moja hapa, nukta moja pale, na nje tumepaka rangi ya buluu. Watu wakipita wanasema, ndoa ile imesimama. Tuna binti anatufanyia kazi za ndani, alipokuja tulimwambia, wewe ni kama mwanetu, tutaelewana. Mpaka leo hajui mshahara wake ni nini, na sisi tunamwona hana shukrani kwa sababu siku hizi hacheki. Tuna ndugu tuliyekula kuku wake kwa hasira, na yeye huko aliko anamwomba Mungu aibariki mikono yetu. Hajui kwamba tumemkasirikia. Angejuaje?

Nimetafuta neno la faraja la kufungia, kama ilivyo kawaida yangu. Nimelitafuta kweli. Ningependa kuwaambia kwamba fundi alisamehewa, kwamba wale wawili walikumbatiana kaburini. Lakini mfano ni wangu, nimeutunga mwenyewe, na kila nilipojaribu kuwakumbatisha, mikono yao ilikataa. Yapo maneno ambayo yakichelewa, Mungu anaweza kumsamehe aliyeyachelewesha, lakini mama hainuki chini ya tangi.

Kwa hiyo leo msiniitikie amina. Mnasikia hilo bati juu yetu? Limeanza kupiga tangu nilipokuwa kwenye habari ya jogoo, na nimewaona wawili watatu mkiangalia juu. Kila mmoja wetu ana mnara aliouacha mahali, na anajua ni upi, na anajua nani anainama chini yake kila asubuhi. Simu mnazo mifukoni. Kwaya haitaimba. Tokeni nje, simameni barazani msilowe, mpige.