Kielelezo Kilichonona

Nchi tano jirani zilimteua Mheshimiwa Malugu kuwa mwendesha mashtaka wao mkuu, naye alikuwa na bidii ya ajabu. Kesi ya kuku mgonjwa aliiachia wilaya, ila ya mbuzi aliyenona aliifuata mwenyewe, kwa gari lenye bendera tano.

"Beberu huyu wa wizi alivushwa mpaka," alimwambia Nyamizi, mwendesha mashtaka wa wilaya. "Nipe jalada, na kielelezo chenyewe."

"Kama wale wanne wa mwezi uliopita, mheshimiwa?"

"Kama wale. Kosa linalovuka mpaka ni langu, lisilovuka ni lenu. Kwani hamkusoma mkataba?"

"Sisi wa wilayani tunasahau. Hebu tuandikie, utie na sahihi."

Malugu aliandika, akagonga na muhuri. Nyamizi aliisoma karatasi mara mbili, kisha akamwita polisi.

"Mtie pingu. Vile vielelezo vinne alivila hapa hapa, kwenye nyumba ya wageni ya sokoni. Mpishi ameshaandika maelezo."

"Huniwezi! Mimi ni wa nchi tano!"

"Wewe ndiyo, mheshimiwa. Wizi wako ndio haukuvuka mpaka."